Usimfute Mama kwa Sababu Hana Simu Yake

Nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa nahamisha hifadhidata ya zahanati moja hapa Mukuru kwa Reuben kutoka programu ya zamani hadi mpya, na kazi hiyo imenipa funzo ambalo sitaki kulikalia. Wale ambao si watu wa kompyuta msikimbie, leo msimbo ni mchache sana.

Mfumo wa zamani ulikuwa jedwali moja refu la Microsoft Access kwenye kompyuta ya mapokezi. Safu ya jina ilikuwa moja tu, na karani aliandika alichoambiwa: "Mama Brayo", "Baba Shiru wa makaa". Mfumo mpya unatumia PostgreSQL na skima yake imepangwa vizuri: wagonjwa kando, ziara kando, dawa kando. Jina limegawanywa mara tatu. Kuna namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Nilipoiona skima hiyo nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi.

Nilihamisha data Jumamosi usiku. Saa tisa alfajiri skripti ikamaliza bila kulalamika. Nikahesabu: upande wa zamani mistari 11,412, upande mpya 11,371. Pungufu 41. Nikajiambia hao ni waliorudiwa, nikaenda kulala.

Jumatatu asubuhi akaja mama mmoja wa Gatoto kuchukua dawa zake za presha. Dada wa mapokezi akatafuta, akatafuta tena.

"Mama, hauko kwa sistimu."

"Nimekuwa nikija hapa miaka sita. Nani ameniondoa?"

Dada akanitazama. Mimi nikatazama kibodi.

Aliyemwondoa ni mimi, kwa maneno manne: ON CONFLICT DO NOTHING. Kwa wasiojua, hayo yanaiambia hifadhidata kwamba mstari ukigongana na mwingine uliokwisha kuingia, uache, usiseme kitu. Skima mpya ilitaka kila mgonjwa awe na namba ya simu isiyofanana na ya mwingine. Mama huyu hana simu. Anatumia ya binti yake, na wajukuu wake wawili wameandikishwa kwa namba hiyohiyo. Mjukuu mdogo aliingia kwanza, akachukua nafasi. Bibi na mjukuu wa pili wakaachwa nje, na skripti yangu ikanyamaza kama nilivyoiamuru.

Bahati nzuri faili zake za karatasi zilikuwa bado ndani ya katoni, na alipata dawa mchana. Wiki mbili baadaye katoni hizo zingekuwa zimeondolewa.

Nikakaa chini kuwachambua wale 41. Wengi walikuwa wa simu ya pamoja. Wengine walikuwa na namba zinazoanza na 01, na kanuni ya ukaguzi ilijua 07 peke yake. Namba za 01 zimekuwepo Kenya tangu 2019! Aliyeandika kanuni hiyo aliiga ya zamani, na mimi sikuisoma.

Lakini kosa lililonitisha zaidi halikuwa miongoni mwa hao 41. Pale ambapo tarehe ya kuzaliwa ilikuwa tupu, skripti iliweka 1/1/1900 kwa sababu skima ilikataa nafasi tupu. Mtoto wa miezi saba akawa mzee wa miaka zaidi ya 120, na programu ikamwondoa kwenye orodha ya chanjo. Hesabu ya mistari isingemwona kamwe. Mstari wake ulikuwepo, ila mtu aliyekuwa ndani yake si yeye.

Sasa hoja yangu. Skima ni orodha ya maswali. Skima mpya huuliza maswali ambayo ya zamani haikuuliza, na jibu likikosekana mhamishaji ana njia tatu. Anaweza kubuni jibu, kama nilivyobuni 1900. Anaweza kumtupa mtu nje, kama nilivyomtupa mama. Au anaweza kuacha nafasi tupu na kumuuliza mwenyewe siku atakapokuja. Njia ya tatu ndiyo ya haki, lakini sisi watengenezaji programu tunapenda zile mbili za kwanza kwa sababu skripti inaisha bila makosa na tunalipwa. Gharama inamwangukia yule aliye na majibu machache zaidi. Mtu wa Karen ana simu mbili, barua pepe na cheti cha kuzaliwa. Huku kwetu namba ya simu ni ya familia, na anwani ni jina la mwenye ploti. Na hata hiyo ploti, baada ya mafuriko ya 2024, nyumba nyingi za kando ya mto zilibomolewa na watu wakatawanyika. Ukiifanya anwani kuwa lazima, utapewa ya uongo.

Msidhani haya ni ya zahanati ndogo pekee. Tarehe 1 Oktoba 2024 nchi nzima ilihamishwa kutoka NHIF, bima iliyokuwepo tangu 1966, kwenda SHA. Watu walizungumza sana juu ya mfumo kukwama na foleni hospitalini. Mimi kama mtu wa hifadhidata niliangalia zaidi maswali yaliyobadilika. Skima ya zamani ilikuwa nyepesi kwa mtu wa kibarua: hakuna payslip, lipa shilingi 500 kwa mwezi. Mpya inataka asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na payslip anajibu maswali juu ya nyumba na maisha yake ili mfumo ukadirie kipato chake. Kisha alitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo. Hata kwa kiwango cha chini kabisa, hizo ni shilingi 3,600.

Wazo la aliye na zaidi kutoa zaidi ni zuri, silipingi. Lakini njoo usimame barabarani alfajiri uone watu wakitembea kwenda Industrial Area kutafuta kazi ya siku. Leo amepata, kesho amekosa. Kipato cha namna hiyo hakiingii kwenye safu iliyoandikwa "mapato ya mwaka". Mwaka 2025 ukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kulipa kidogo kidogo. Mimi nauona huo kama safu iliyosahaulika ikiongezwa baada ya data kuhamia. Si vibaya kuongeza. Vibaya ni kwamba mwenye data ndiye aliyeanza kugundua kwamba haipo.

Na wenye pesa nao hukwama. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake kwenda mfumo mpya, na karibu milioni mbili kati yao wakafungiwa nje ya akaunti zao. Desemba 2022 ilipigwa faini ya zaidi ya pauni milioni 48. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tatizo ni umaskini wa vifaa.

Najua mtaniambia: "Data ya zamani ni chafu, kuhama ndiyo nafasi ya kuisafisha." Niliwahi kuamini hivyo. Lakini ukisafisha usiku, peke yako, huna njia ya kujua kama "Mama Brayo" wa mstari huu na "Mama Brian" wa mstari ule ni mtu mmoja. Dada wa mapokezi anajua. Mama Brayo mwenyewe anajua zaidi. Hamisha kwanza kila kitu na uchafu wake, kisha safisha mchana mkiwa pamoja nao.

Basi, hivi ndivyo nilivyorudia kazi, na ndivyo nitakavyofanya siku zote:

1. Namba ya zamani ya mgonjwa inabaki, hata kama mfumo mpya una namba zake. Ndiyo iliyo kwenye kadi mkononi mwake.
2. Safu mpya zinaruhusiwa kuwa tupu. Zitafanywa za lazima baadaye, zikishajaa.
3. Mstari unaogongana haufutwi. Unaenda kwenye jedwali la pembeni nililoliita "waulizwe", na karani ana kitufe cha kulitafuta.
4. Jumla haitoshi. Nahesabu kwa mwaka wa kuzaliwa, kwa aina ya ugonjwa, kwa herufi ya kwanza ya namba ya simu. Watu wote wa 1900 wangejitokeza hapo.
5. Mfumo wa zamani unabaki ukisomeka kwa miezi mitatu. Na katoni haziondoki.

Kazi ya pili ilichukua wikendi tatu badala ya usiku mmoja. Sikulipwa zaidi, na sikuomba. Jedwali la "waulizwe" lilianza na watu 41, na hadi jana lilikuwa na 9. Mama wa Gatoto alikuwa wa kwanza kutoka. Kila anapokuja sasa hupitia dirishani kwangu na kuuliza, "Kijana, bado niko?"

Niliokuwa nikijivunia nao skima nzuri, mniambie: kwenu simu ya pamoja mnaiwekaje? Nina njia yangu, lakini bado siiamini sana.