Jimbo la Uchaguzi Lililoishi Siku Moja



Sisi makarani wa mgodi kazi yetu ni kuandika kilo. Gunia linashuka, linapimwa, linaandikwa, na mwisho wa mwezi daftari linafungwa. Karani akifunga daftari na magunia yangali mlangoni, huyo hamalizi mwezi mwingine kazini. Basi leo twataka kueleza habari ya daftari moja kubwa lililofungwa hivyo, tena mchana kweupe.

Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne tu kabla ya kura, Tume ya Uchaguzi (CENI) ilitangaza kwamba mji wa Beni, mji wa Butembo na teritwari ya Beni hawatapiga kura pamoja na wenzao. Yumbi kule Mai-Ndombe vilevile. Wote wangoje mpaka Machi 2019. Kwa upande wetu sababu zilikuwa mbili: Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na usalama mbaya.

Hatukatai kwamba Ebola iliua. Iliua watu zaidi ya 2,200 mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, na wengi wao ni ndugu zetu tuliowazika bila kuwagusa. Wala hatukatai kwamba watu wa Beni walikuwa wakichinjwa tangu Oktoba 2014. Lakini twauliza: juma lile masoko yalifungwa? Hayakufungwa. Makanisa je, siku ya Noeli? Yalikuwa wazi. Na mapema mwezi ule wagombea walikuja, umati ukajaa barabarani. Ni ugonjwa gani huu unaomruhusu mtu kubanana sokoni, kisha unamkataza kusimama katika mstari wa kura?

Kesho yake watu waliandamana kwa hasira, na Beni wengine wakavamia kituo cha Ebola. Hilo twalilaumu wazi. Muuguzi hakumnyima mtu kura.

Ndipo ikafika tarehe 30 Desemba, siku ya kura ya nchi nzima. Watu wa Beni wakajifanyia jimbo lao wenyewe. Kule Kalinda mstari ulikuwa mrefu: maji ya kunawa yako tayari, kila mtu ananawa mikono, kisha anapiga kura yake kwa karatasi. Mashini za tume hazikuwapo, wala mashini hazikuhitajiwa. Sheria haikuitambua kura ile, nasi twajua hivyo; jioni jimbo lile likafa. Lakini waliosema kwamba Beni haiwezi kupanga mstari na kunawa mikono walijibiwa siku ileile, tena bila jiwe kurushwa.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo penye neno. Walioandikishwa katika sehemu zote zilizoachwa walikuwa zaidi ya milioni 1.2. Matokeo yalipotangazwa tarehe 10 Januari 2019, Bwana Félix Tshisekedi alipewa kura 7,051,013, na Bwana Martin Fayulu 6,366,732. Tofauti ni 684,281. Hatusemi nani angeshinda; mizani yetu haipimi mioyo ya watu. Twasema tu kwamba magunia yaliyoachwa nje yalikuwa mazito kuliko tofauti iliyoandikwa ndani.

Rais akaapishwa tarehe 24 Januari. Sisi tukaitwa tarehe 31 Machi kuchagua wabunge wa taifa na wa provensi, na kura ya Rais haikuwamo. Katiba, kifungu cha 5, yasema mamlaka ni ya wananchi, na haisemi isipokuwa wa Beni na Butembo.

Wako watakaotuambia hayo yamepita, mbona mlipiga kura tarehe 20 Desemba 2023? Kweli tulipiga. Lakini mara ile Masisi na Rutshuru ndio walioachwa, kwa sababu ya vita, na Kwamouth pia. Mlango ni uleule, aliyebadilika ni anayefungiwa nje.

Kwa hiyo twataka sheria iseme waziwazi: mahali pakizuiwa kupiga kura, na walioandikishwa pale wakiwa wengi kuliko tofauti kati ya wa kwanza na wa pili, basi matokeo ya Rais yasifungwe mpaka nao wapige. Ninyi wabunge mliokuja kuomba kura zetu Bungulu, Mulekera, Beu na Ruwenzori, na kule Kimemi, Bulengera, Mususa na Vulamba: ni nani kati yenu atakayeupeleka mswada huo Kinshasa?