Masala Kulangwa na Sikio la Bibi Kizee



Sisi tuliokulia Sapiwi, wilayani Bariadi, tulimjua Masala Kulangwa kabla ya kumjua Samsoni au Daudi. Leo mtoto wa kijiji hichohicho anawataja mashujaa wa sinema za nje mmoja baada ya mwingine, lakini ukimuuliza Masala Kulangwa ni nani, anakutazama tu. Hilo linasikitisha. Linalotusikitisha zaidi ni kwamba hata sisi tunaomkumbuka shujaa huyu tunamsimulia nusu. Tunaishia pale alipoliua zimwi, na nusu tunayoiacha ndiyo Usukuma unaihitaji kuliko ile tunayoisimulia.

Kwa wasioijua, simulizi yenyewe kwa ufupi ni hii. Zimwi liitwalo Shing'weng'we lilimeza watu wote wa nchi pamoja na mifugo yao. Alinusurika mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la pumba. Akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Masala Kulangwa, yaani mtu mwenye akili, mwepesi wa kuelewa. Mtoto alipokua akauliza watu wengine wako wapi, na mama akamweleza. Basi akaanza kutoka kulitafuta zimwi. Akaua panzi, akamletea mama yake na kuuliza kama ndiye. Akaambiwa huyo ni panzi tu. Akaua ndege, kisha swala, na kila mara jibu likawa hapana. Mwishowe akakutana na Shing'weng'we, akaliua, akalipasua tumbo. Watu wakatoka wazima, baba yake akiwamo.

Simulizi hii ina ndugu zake. Wasomaji wa Pwani watakumbuka hadithi ya Nunda mla watu, iliyomo katika mkusanyiko uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, ambamo pia kijana anamletea mama yake mnyama baada ya mnyama akidhani amemuua Nunda. Wasotho nao wana shujaa wao Senkatana, aliyewatoa watu tumboni mwa zimwi.

Kanisa letu halikuipuuza. Mapadre wa Maryknoll, Joseph Healey na Donald Sybertz, waliiandika na kuitafakari katika kitabu chao cha mwaka 1996 kuhusu teolojia ya simulizi za Kiafrika. Walifanya vema, kwani Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Ad Gentes ya mwaka 1965, unatuhimiza kuzifunua kwa furaha na heshima mbegu za Neno zilizofichika katika mila za watu. Mkristo akisikia habari za kijana aliyelipasua tumbo la mmezaji na kuwatoa waliomezwa, hawezi kukosa kuikumbuka Pasaka.

Lakini simulizi haiishii hapo. Masala Kulangwa alipokuwa akilipasua lile tumbo, kwa bahati mbaya kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwamo ndani. Bibi akakasirika sana, akataka kumroga. Kijana akalindwa na rafiki zake, dawa ikatafutwa, na bibi akatibiwa. Ndipo watu wote wakamfanya Masala Kulangwa kuwa mtemi wao.

Tuutazame mpangilio huo. Utemi haukuja mara tu baada ya zimwi kufa. Ulikuja baada ya sikio kutibiwa. Katika darasa la falsafa tunasoma jinsi Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, anavyojiuliza atapatikana wapi mlinzi aliye mkali kwa adui na mpole kwa watu wake. Wazee wetu walikuwa na swali hilohilo, na jibu lao lilikuwa kijana huyu. Kuua zimwi kunathibitisha nguvu. Kumtibu uliyemjeruhi, tena akiwa amekukasirikia, kunathibitisha kwamba unafaa kuongoza.

Na nani kati yetu asiyekumbuka sikio lingine? Petro alichomoa upanga bustanini akamkata Malko sikio la kuume (Yn 18:10). Luka peke yake anatueleza kwamba Yesu aliligusa sikio lile na kuliponya (Lk 22:51). Bwana, akiwa anaelekea kuishinda mauti, alisimama kwanza kuponya jeraha lililosababishwa na mtu wa upande wake mwenyewe, na aliyeponywa alikuwa miongoni mwa waliokuja kumkamata.

Sasa tujiulize kuhusu sikio la bibi zetu. Kwa miaka mingi vikongwe wa Kanda ya Ziwa wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa kuni na samadi wakiwapikia wajukuu. Mtoto anaugua, ng'ombe wanakufa, mganga anapiga ramli chonganishi, na jina la bibi linatajwa. Wauaji hao hujiona ni Masala Kulangwa. Hudhani wameliua zimwi. Sungusungu nao, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa mifugo, walifanya kazi iliyohitajika, lakini mahali pengine hasira yao iliwageukia waliotuhumiwa uchawi.

Huenda msomaji akasema: simulizi yenyewe inamwonyesha bibi akitaka kuroga, kwa hiyo inawapa wauaji hoja. Sisi tunaona kinyume chake. Hata pale bibi alipokuwa na hasira ya kweli na nia mbaya ya kweli, shujaa hakuruhusiwa kumgusa kwa kisu. Alilindwa, naye bibi akapewa dawa. Ikiwa ndivyo alivyotendewa aliyetaka kudhuru, je, yule ambaye kosa lake ni uzee na macho mekundu? Masala Kulangwa alijifunza kwa mama yake kwamba panzi si zimwi. Hiyo ndiyo akili iliyo katika jina lake: kuuliza kwanza, na kukubali kuambiwa hapana.

Kwa hiyo tunawaomba makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo: msimulieni Masala Kulangwa, lakini msimulieni mpaka mwisho. Nasi mafrateri, tunapokwenda likizo na kupewa nafasi ya kuzungumza na vijana vigangoni, tusiwape zimwi bila sikio. Na kijana akishaisikia yote, atoke aende kwa bibi aliye jirani, yule anayeogopwa na kunong'onezwa, ampelekee maji na kuni, akae naye kidogo waongee. Kijiji kizima kimwone ameketi pale.