Wazima Moto wa Nyika na Daftari Zetu

Wasomaji wengi, wakisikia habari za wazima moto, hufikiri gari jekundu na mpira wa maji. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya mwaka 2007, nasi twalisifu. Lakini moto wa nyika, uwakao katika majani makavu ya upande wa Bunda wakati wa kiangazi, haungojei gari. Huzimwa kwa matawi mabichi, majembe na mapanga, mikononi mwa askari wa hifadhi na wanakijiji. Twasema kwamba historia ya watu hao yastahili kuandikwa, na kazi hiyo yatuhusu sisi washika kalamu.

Ni historia ndefu. Wazee wa Waikoma, Wanata na Waikizu walichoma majani kwa kusudi, ili yachipue mapya kwa mifugo na wanyama; na aliyejua kuwasha ndiye aliyejua kuzima. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe na nyumbu wasiohesabika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa 250,000 hivi. Baada ya ng'ombe wa vijiji vya jirani kuchanjwa, nyumbu nao walipona, hata kufika mwaka 1977 walikuwa kama 1,300,000. Wakala majani ambayo yangaliwaka, na eneo liunguzwalo kila mwaka likapungua sana. Basi karani aliyeandika hesabu ya ng'ombe waliochanjwa alizima moto mwingi, ingawa hakupata kushika tawi! Wenzetu wa idara ya mifugo wasijivune mno.

Moto uliobaki bado wahitaji watu. Tarehe 11 Oktoba, 2020, moto ulizuka Whona, mlimani Kilimanjaro, ukaunguza kilometa za mraba 95 hivi. Walipanda mamia ya watu kuupiga: askari, wanafunzi, na wanakijiji waliojitolea. Hesabu yao tuliisoma. Majina yao hatukuyasoma.

Ndugu wengine watajibu kwamba kuzima moto ni wajibu wa kila mwanakijiji, na tangu lini wajibu ukaandikiwa orodha? Jibu hilo hatulikubali. Kodi nayo ni wajibu, na kwa kodi twaandika hata senti. Mtu akiungua mguu katika kuokoa majani ya umma, ataombaje msaada ikiwa jina lake halimo katika karatasi yoyote? Mjane wake ataonyesha nini mezani petu? Tumezoea kumwambia mtu alete ushahidi, na ushahidi wenyewe hakuna aliyeamriwa kuuandika.

Kwa hiyo twataka kila ofisi ya kijiji na kata, Musoma, Bunda na Butiama, iwe na daftari moja la moto: tarehe, mahali, upepo ulikotoka, majina ya waliokwenda, aliyeumia, na saa waliyorudi. Kurasa za mwanzo ziachiwe wazee, waeleze mioto ya zamani wakiwa wangali hai. Huko Butiama waulizwe pia wautunzao msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki huuheshimu. Gharama yake ni daftari na wino tu. Wanachama walio tayari waanze kupiga mistari sasa, kabla majani ya Juni hayajakauka.