Shavu limevimba, jino linacheza: washa tochi uangalie

Mama mmoja anayeuza chakula Benaco, pale malori ya Rusumo yanapolala, ameniuliza kama ni kweli ipo taa inayogundua saratani ya kinywa, na kama auze mbuzi ampeleke mwanawe mahali ilipo. Mtoto ana miaka 5. Shavu limevimba upande mmoja na gego linacheza.

Taa hiyo ipo. Hutoa mwanga wa buluu, na chini yake nyama yenye afya huonekana ya kijani, iliyobadilika huonekana nyeusi. Tatizo ni kwamba hata kidonda cha kujiuma huonekana cheusi. Jibu la uhakika hutoka maabara, daktari akishakata kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Kwa hiyo mbuzi akiuzwa, iwe nauli ya hospitali, si ya kutafuta taa.

Nyumbani tochi ya simu inatosha. Mkalishe mtoto, mwangalie uso kutoka mbele: mashavu yako sawa? Kisha inua mdomo wa juu, shusha wa chini, vuta shavu pembeni, mwambie anyanyue ulimi. Angalia fizi, pande za ulimi na kaakaa. Hata mara moja kwa mwezi, wakati wa kupiga mswaki.

Kwa watoto wa ukanda wetu wa malaria, uvimbe wa taya una historia yake. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mvulana aliyevimba taya zote. Akaanza kufuatilia, na saratani hiyo ikabeba jina lake. Huwapata zaidi watoto wadogo, wavulana kuliko wasichana, na hukua haraka mno; seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku 1 au 2. Mara nyingi huanza kama jino lililolegea. Jino linang'olewa, familia inasubiri kidonda kipone, na uvimbe unazidi kukua. Lakini ikiwahiwa, husikia dawa vizuri, na watoto wengi hupona bila hata kukatwa taya.

Meno ya mbele kulegea miaka 6 au 7 ni kawaida. Gego kulegea kwa mtoto wa miaka 5, tena shavu limevimba, si kawaida.

(Na vinundu vyeupe kwenye fizi za kichanga huweza kuwa meno yanayojiandaa kuota. Wanaoyaita meno ya nailoni na kuyachokonoa kwa kisu au spoku wanaua watoto.)

Tochi hiyo hiyo mmulike na baba, hasa kama anavuta au kutafuna tumbaku. Kidonda kisichopona kwa wiki 2, au baka jeupe au jekundu lisilofutika, aende hospitali hata kama haumwi.

Mama wa Benaco, mpeleke mtoto Murgwanza kesho asubuhi. Mweleze daktari uvimbe ulianza lini na kama unaongezeka. Akitaka kung'oa jino tu, muulize kwa upole: uvimbe huu umesababishwa na nini? Akikuandikia rufaa ya Bugando, Mwanza, usiirudishe nyumbani kujadiliwa na ukoo. Panda gari.