Mashine haijafa, kompyuta ndiyo imeihama

LUBUMBASHI. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10. Ofisi zenye uwezo zinabadilisha kompyuta, na zile za zamani zinaishia depo, kisha kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Katika mzigo huohuo mara nyingi kinaondoka kifaa kingine ambacho hakuna anayekililia: skana ya filamu. Ukiuliza kwa nini inatupwa, jibu ni moja: "Imekufa." Jibu hilo ni uongo, na wanaoulipia ni wakaaji wa mji huu, hasa familia zilizofukuzwa au kukimbia makwao.

Ndugu msikilizaji ambaye hajawahi kuiona, skana ya filamu ni kisanduku kinachopitisha mwanga ndani ya negatifu, ile filamu nyembamba ambayo watu wanaonekana kinyume, weusi weupe na weupe weusi. Kisanduku kinasoma mwanga ule nukta kwa nukta na kuupeleka kwenye kompyuta. Negatifu ya kawaida ina upana wa milimita 24 kwa 36. Skana nzuri ya miaka ya 2000, kama Nikon Coolscan, inasoma nukta 4000 katika kila inchi. Hesabu yake ni nukta milioni 21 kwa picha moja. Jina lililoandikwa kwa chaki kwenye kibao cha darasa, namba ya nyumba juu ya mlango, sura ya mtoto aliyesimama nyuma kabisa: vyote vinaweza kurudi.

Tuseme wazi kilichotokea. Mashine ilibaki palepale, kompyuta ndiyo iliyohama. Coolscan za kwanza zilitumia waya wa SCSI, nyingine zikatumia FireWire, nyingine USB. Kompyuta za leo hazina tundu la SCSI wala la FireWire. Mwaka 2025 Apple iliondoa FireWire hata ndani ya mfumo wake mpya wa macOS. Nikon nayo iliacha zamani kutengeneza skana hizo, na programu yake ya Nikon Scan iliishia wakati wa Windows Vista. Kwa hiyo taa inawaka, mota inazunguka, lenzi inaona vizuri, lakini hakuna wa kuisikiliza. Mzee asiyesikilizwa na wajukuu hazikwi kwa sababu hiyo.

Sasa swali kubwa: filamu zenyewe ni za nani? Kabla ya simu, kila komini ya Lubumbashi ilikuwa na mafotografe wake: Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi. Walipiga harusi, ubatizo, matanga, mwisho wa mwaka wa shule, baiskeli mpya. Mteja alipewa karatasi. Negatifu ilibaki kwa fotografe, ndani ya boksi la viatu au mkebe wa maziwa. Boksi hilo ndilo linalogusa maisha ya waliohama.

Mwaka 1992 na 1993 mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Familia zililala majuma na miezi kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi zikingoja mabehewa. Aliyepata nafasi alibeba godoro, sufuria na watoto. Albamu ya picha ilibaki ukutani au ilichomwa. Baadaye vita vikazikumba Mitwaba, Pweto na Manono, sehemu ambayo watu waliiita pembetatu ya kifo, na huko pia nyumba ziliungua na vyote vilivyokuwa ndani. Karatasi ilipotea. Lakini mahali ambapo fotografe alibaki, negatifu inaweza kuwa bado ipo. Kuna mama ambaye hana hata sura moja ya marehemu mume wake, na sura hiyo huenda iko ndani ya mkebe chini ya kitanda cha mtu mwingine. Kinachokosekana kati yao ni kisanduku kilekile ambacho ofisi inakiita takataka.

Picha haichukui nafasi ya hati ya kiwanja, na mtu asidanganywe hapo. Lakini inaonyesha nani aliishi wapi, nani alikuwa mtoto wa nani, nani alisoma na nani. Kwa mtu aliyepoteza vyeti vyote, ushahidi huo una uzito, na kwa mtoto aliyezaliwa katika ukimbizi ndio mara ya kwanza kumwona babu.

Mji huu unajua thamani ya jambo hili. Neno "ukumbusho" ni neno la Lubumbashi kabisa: ndilo walilotumia wachoraji wa hapa kwa michoro iliyotundikwa sebuleni miaka ya 1970. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima, michoro zaidi ya mia. Leo anayetaka kuiona lazima apande ndege hadi Amsterdam, kwa maana iko katika jumba la makumbusho la huko. Mwaka 2006 Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi, alitoa kazi yake iitwayo Mémoire: alichukua picha za kale za wafanyakazi kutoka akiba ya kampuni ya madini na kuziweka juu ya magofu ya viwanda vya Gécamines. Dunia nzima ilitazama. Picha za kale zilizofunguliwa zilimpa kijana wa hapa sauti. Zilizofungiwa ndani ya mkebe hazimpi mtu kitu.

Wapo wanaopinga, na hoja zao zijibiwe moja moja.

Wa kwanza wanasema: tununue skana mpya. Kwa pesa ya nani? Na mpya nyingi za bei rahisi hazifikii kazi ya zile za zamani. Unatupa jembe la chuma ili ununue la bati.

Wa pili wanasema: piga negatifu kwa simu. Hilo linafaa kumtumia shangazi picha haraka, na lisidharauliwe. Lakini simu ya kawaida haitasoma namba ya nyumba. Negatifu inazeeka, rangi inafifia, filamu ya asetati inaanza kunuka siki na kujikunja. Huenda nafasi ya kuisoma vizuri ikawa moja tu.

Wa tatu wanasema: tupeleke Ulaya, wao wana vyombo. Habari ya Tshibumba imekwisha kuwajibu. Kinachoondoka kusomwa mara nyingi hakirudi, na anayetaka kuona harusi ya mama yake hawezi kuombewa viza.

Wa nne wanasema ni kazi ngumu ya wataalamu. Si hivyo. Njia zipo tatu. Ya kwanza: kompyuta ya zamani iliyoifahamu skana hiyo iachwe pembeni yake, isiunganishwe na intaneti kamwe, na picha zitolewe kwa diski. Kompyuta isiyoingia kwenye mtandao inaweza kuishi na Windows XP bila hofu kubwa. Ya pili: programu ya VueScan, ambayo inabeba ndani yake maelekezo ya maelfu ya skana zilizoachwa na watengenezaji. Inauzwa, lakini bei yake ni ndogo sana kuliko skana mpya. Ya tatu: Linux pamoja na SANE, ambayo ni bure na inazitambua Coolscan nyingi. Yenye FireWire inahitaji kompyuta ya mezani iliyowekwa kadi ya FireWire. Kijana aliyemaliza shule ya ufundi anaweza kujifunza haya.

Ugumu uko kwingine, na usifichwe. Umeme unakatika na kurudi kwa nguvu, kwa hiyo skana isichomekwe bila kifaa cha kuilinda. Vumbi la kiangazi linaingia kwenye lenzi, hivyo ifunikwe kila jioni. Coolscan zina mwanga wa infraredi unaoondoa alama za vumbi, lakini kwa filamu ya nyeusi na nyeupe mwanga huo unachanganywa na fedha iliyomo ndani ya filamu. Picha nyingi za wazee ni za aina hiyo. Lazima zipulizwe na kusafishwa kwa mkono, kwa subira. Tena, Coolscan nyingi zinakula filamu ndogo tu. Filamu pana za kamera za studio zinahitaji aina kubwa zaidi.

Basi la kudai ni dogo. Ofisi yoyote, iwe ya serikali, ya kampuni au ya kanisa, ikibadilisha kompyuta, isitenganishe skana na kompyuta yake. Viende pamoja, pamoja na waya, vishikio vya filamu na diski ya programu. Chuo kikuu, jumba la makumbusho, au hata parokia moja, itoe chumba kimoja chenye kufuli. Picha 1000 za rangi zinachukua GB 65 hivi, kwa hiyo diski mbili za kawaida zinatosha kuanza, moja chumbani na nyingine mahali pengine. Na sheria ya kwanza ya chumba iwe hii: negatifu inarudi kwa mwenyewe, na aliye kwenye picha au familia yake anapata nakala bila kulipa. Bila sheria hiyo, ukumbusho wa maskini utageuka biashara ya wengine.

Wazee mafotografe na watoto wao, msichome mikebe. Shikeni filamu pembeni, wekeni kwenye bahasha ya karatasi, mbali na joto la mabati. Inayonuka siki itengwe na nyingine. Andikeni juu ya bahasha kwa penseli: jina, kartie, mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mafundi waliokuwa wakijua majina ya sura hizo wanapungua kila mwaka.

Skana iliyotupwa leo inauzwa kwa kilo, pamoja na sufuria zilizotoboka. Sura zilizokuwa zikiingoja haziuzwi popote.