Nilishika Lori

Kabla hujanisifu kwa chochote, wacha niseme: nilishika lori. Lilikuwa Canter kuukuu limebeba ndizi, limepita Keumbu linapanda kuelekea Keroka kwa gia ya kwanza, na kamba ya turubai ilikuwa inaning'inia nyuma. Nikaikamata. Dakika tatu hivi, labda nne. Miguu ilipumzika, pumzi ikarudi. Kijana tuliyekuwa tumepanda naye bega kwa bega akabaki pale nyuma na Black Mamba ya babake, akiniangalia tu.

Nilipogeuza Keroka kurudi Kisii nilikuwa na pengo ambalo miguu yangu haikulitolea jasho. Nikamaliza wa tatu, yeye wa nne. Wa tatu alipewa shilingi 3,000 na jezi. Wa nne alipewa soda.

Alilalamika. Alifika kwa meza akiwa bado anatiririka jasho, akasema, "Mkubwa, huyu alishika lori." Mwamuzi, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwandalizi, mtunza saa na mwenye maikrofoni, akamuuliza: una picha? Una shahidi? Una elfu moja ya kusajili malalamiko? Sasa nani anapanda mlima ule akipiga picha? Na shahidi wake pekee nilikuwa mimi, nimesimama hapo nimevaa jezi mpya. Akaambiwa, "Kubali matokeo, bro. Ni mchezo tu." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Ni hiyo "ni mchezo tu" ninayogombana nayo leo. Kama ni mchezo tu, mbona tulilipa kiingilio? Mbona kuna bahasha? Yule kijana siku nyingine hubeba ndizi kwa baiskeli ileile hadi soko la Daraja Mbili. Jumamosi ile aliacha kazi akaja kushindana. Kwake ilikuwa mshahara wa siku uliowekwa kwenye bahati nasibu ambayo sheria zake zilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Kuna wanaosema sheria kali ni za wakubwa wa Ulaya, sisi huku tunajifurahisha. Mimi naona ni kinyume. Wale wana kamera, helikopta na waamuzi juu ya pikipiki, na bado hawaaminiani. Chris Froome, huyu tunayempenda kumwita wetu kwa sababu alizaliwa Nairobi na kufunzwa na David Kinjah, mwaka 2010 alitolewa kwenye Giro d'Italia kwa kushika pikipiki ya polisi akipanda Mortirolo. Alieleza kwamba goti lilikuwa limemkataa na alikuwa anajiondoa tu. Hawakubadilisha uamuzi. Mwaka 2015 Vincenzo Nibali, aliyekuwa ameshinda Tour de France mwaka uliotangulia, alishika gari la timu yake kwenye Vuelta siku ya pili tu, akarudishwa nyumbani. Na hakuna aliyekufa kwa adhabu. Froome alishinda Tour mwaka 2013. Kwa hivyo hii hofu kwamba tukiadhibu vijana watakimbia mchezo, mimi siielewi. Kinachowakimbiza ni kuibiwa hadharani halafu kuchekwa.

Lakini pia sitaki mwamuzi mwenye panga. Kumbuka Peter Sagan mwaka 2017. Kwenye mbio za mwisho mwisho kule Vittel, Mark Cavendish alianguka akavunjika mfupa wa bega, na jioni hiyohiyo Sagan, bingwa wa dunia, akafukuzwa Tour de France. Timu yake ikaenda hadi mahakama ya usuluhishi wa michezo. Desemba pande mbili zikapatana, na UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, likakubali kwamba ilikuwa ajali isiyokusudiwa. Mwaka uliofuata wakaongeza mtu wa kukaa na video kazi yake ikiwa kuangalia tu. Angalia vizuri hapo: malalamiko ya mtu aliyeonekana msumbufu ndiyo yaliyosaidia kazi ya waamuzi kuwa bora. Huku kwetu anayelalamika anaitwa mbaya wa kushindwa.

Na anayelalamika akiwa mgeni, basi amekwisha. Yule kijana alitoka upande wa Nyamira, mimi nilikuwa wa nyumbani. Keroka penyewe Kisii na Nyamira zimevutania mpaka miaka nenda miaka rudi. Nani angepoteza mchana wake kumsikiliza mtu wa ng'ambo? Nimeona pia yakiisha vingine. Nimeona waendeshaji wakilaza baiskeli barabarani mpaka matokeo yabadilishwe, na yakabadilishwa kwa sababu kundi lilikuwa kubwa, hakuna aliyetoa ushahidi wowote. Hiyo nayo ni kushika lori, isipokuwa lori ni watu.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 47, inampa mtu aliyeumizwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Michezo ya 2013 ikaunda hadi jopo la kusuluhisha mizozo ya michezo. Vizuri sana. Lakini nani atapanda matatu hadi Nairobi kudai bahasha ya 3,000? Haki ya mbio kama zetu lazima ipatikane palepale, kabla tenti haijakunjwa.

Na si kazi ngumu. Kisii hii tumejaa bodaboda: walipe wawili mafuta, wape simu zenye chaji, wafuate waendeshaji kwenye milima, kwa sababu lori hushikwa mlimani, halishikwi kwenye tambarare. Anayeandaa asiamue. Matokeo yakae nusu saa yakiitwa ya muda. Ada ya malalamiko iwe kitu ambacho mbeba ndizi anaweza kutoa, na arudishiwe akipatikana ni mkweli. Sheria zisomwe kwa Kiswahili na Ekegusii kabla ya filimbi, maana wengi wetu sheria tumezisikia kwa wenzetu njiani. Na adhabu zipimwe: aliyeyumba kwenye mbio za mwisho bila nia mbaya anaweza kuwekwa nyuma ya kundi lake, aliyekatiza njia au kushika gari atolewe kabisa. Mimi ningetolewa. Ningelia, ningerudi mwezi uliofuata.

Mwaka huu nilimtafuta yule kijana. Nilimpata stendi ya Keroka, sasa anaendesha boda. Nilikuwa na elfu tatu mfukoni. Hakuzichukua.

"Pesa ulishakula," akasema. "Mimi nataka ile karatasi isome wa tatu ni mimi. Mzee wangu aliniuliza nilikuwa wa ngapi, nikamwambia wa tatu. Akaangalia karatasi."

Nikampigia mwandalizi nikiwa bado pale stendi. Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna shahidi. Nikamwambia shahidi ni mimi. Akasema mambo hayo yalishapita, halafu simu ikakatika, na kijana akawasha pikipiki kwa sababu abiria alikuwa anamwita.