Juma la Mafua, Harusi na Mtu wa Mwisho

Kila juma hukaa hapa nikawapasheni mambo ya ulimwengu jinsi yalivyopita masikioni mwangu. Juma hili sina kitu. Betri za redio yangu zimekufa. Nimezianika juani siku tatu, nimezigonga, nimezing'ata, wapi! Na duka letu la karibu juma hili linauza chumvi, sabuni na ahadi tu.

Basi nikajisemea: ikiwa juma jipya limenikatalia, nitachukua la zamani. Nikafungua kabati la magazeti ya kale, nikawafukuza panya, nikachagua juma moja la mwaka 1968, toka Jumapili tarehe 13 Oktoba hata Jumapili tarehe 20. Mimi sikuwapo duniani bado, na baba yangu mwenyewe alikuwa akichunga mbuzi wa babu. Lakini habari si maziwa, hazichachi zikilala.

Tuanze juu, kisha tushuke. Juma hilo Wamarekani watatu walikuwa wakiizunguka dunia katika chombo kiitwacho Apollo 7. Fedha nyingi zilitumika, mitambo ilikaguliwa mara kwa mara, wakubwa wote wamekodoa macho. Nao mabwana wale wakashikwa na nini huko juu? Mafua! Tena mafua ya huko si kama yetu. Huku kwetu kamasi inaijua njia yake. Kule, kwa kuwa vitu havina uzito, haishuki, inakaa palepale kichwani. Basi mabwana wakawa wakali, wakajibizana na wakubwa wao walioko chini, na siku ya kurudi, tarehe 22, wakakataa kabisa kuvaa kofia zao ngumu, wasije wakashindwa kupenga. Mama mwenye watoto watatu wenye mafua katika chumba kimoja atawaelewa wakubwa wale kuliko mimi.

Sasa tushuke Tanzania. Huku mwezi huohuo maneno yalikuwa ya nguo. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kuchubua ngozi, mwisho wake tarehe 1 Januari 1969. Haya, nywele za bandia mtu huzivua, na suruali fundi huiachia mshono. Lakini sketi iliyokwisha kukatwa utairefusha kwa nini, isipokuwa kwa maombi? Hata hivyo tusicheke sana. Mjini Dar es Salaam makundi ya vijana yaliwazomea wasichana na kuwasumbua njiani. Kuzomea ni kazi rahisi, haina chuo wala cheti. Neno hili nitalirudia, maana linanihusu.

Jumapili tarehe 20 ilikuwa harusi. Jacqueline Kennedy, mjane wa Rais John Kennedy aliyeuawa mwaka 1963, aliolewa na Aristotle Onassis, tajiri wa meli, katika kisiwa cha Skorpios huko Ugiriki. Kisiwa chenyewe kilikuwa mali ya bwana arusi. Ndiyo kusema hakuna jirani wa kutokea njiani na sahani yake bila kualikwa! Bibi arusi alikuwa na miaka 39, bwana arusi 62, na mvua ikanyesha. Sisi Wakatoliki habari ile ilitugusa, kwa kuwa bibi alikuwa wa Kanisa letu, naye bwana alikuwa ameachana na mke wake wa kwanza. Watu wakasema mengi, wenye haki ya kusema na wasio nayo. Kardinali Cushing wa Boston, rafiki wa jamaa ile tangu zamani, akawaambia wamwache mama yule. Basi na yeye akalaumiwa.

Lakini habari kubwa ya juma ilikuwa michezo ya Olimpiki mjini Mexico City, mji ulioko juu sana, mita 2,240 toka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na wenye mapafu ya mjini walihema kama mvukuto. Wakimbiaji wetu wa Afrika Mashariki walijiona wako nyumbani. Jumapili ya kwanza Naftali Temu akaipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu, katika mita 10,000. Jumatano akafuata Amos Biwott katika mita 3,000 za kuruka viunzi na dimbwi la maji. Wenzake walikanyaga majini chubwi, yeye akaliruka dimbwi kama paka asiyetaka kulowa, akashinda.

Ijumaa Mmarekani Bob Beamon aliruka mbali hata chombo cha kupimia kikafika mwisho wa reli yake kabla ya kumfikia. Ikabidi watafutwe watu wa utepe, kama tunavyopima uzio wa shule. Mita 8.90! Rekodi ya zamani ilikuwa 8.35. Jumapili ya pili Mmarekani mwingine, Dick Fosbury, aliruka juu kinyumenyume, mgongo mbele, kama mtu anayeanguka kitandani. Wengi waliona ni kichekesho, hata alipopita mita 2.24 na kuvishwa dhahabu. Siku hiyohiyo Kipchoge Keino, ambaye nyongo ilikuwa ikimtesa, na ambaye Jumapili iliyotangulia alianguka kwa maumivu, alimwacha Jim Ryun nyuma sana katika mita 1,500.

Zikabaki mbio ndefu kuliko zote, marathoni, kilometa 42 na zaidi. Abebe Bikila wa Uhabeshi, aliyeshinda Rome mwaka 1960 miguu mitupu, tena Tokyo mwaka 1964, aliumwa mguu, akaacha njiani. Mwenzake Mamo Wolde akashinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Wakatoa medali, watu wakaanza kwenda zao, giza likaingia.

Ndipo akaja mtu mmoja, anachechemea, goti limefungwa kitambaa. Alikuwa John Stephen Akhwari wa kwetu, mzaliwa wa Mbulu. Njiani walisukumana, akaanguka, goti likateguka na bega likaumia. Akainuka akaendelea. Alifika kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, mtu wa 57, wa mwisho katika waliomaliza. Watu wachache waliosalia wakampigia makofi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile kwenda kuanza mbio tu, ilimtuma azimalize.

Hapa, wasomaji wangu, nikaliweka gazeti chini, maana nilikumbuka jambo ambalo sikutaka kulikumbuka.

Mwezi uliopita, sikukuu ya somo wa parokia yetu, tulikuwa na mbio za vijana kutoka kigango cha mlimani hata kanisani. Mwenye saa na daftari nilikuwa mimi. Niliandika waliofika, nikafunga daftari, nikaenda kwenye pilau. Tunakula, akatokea mvulana mmoja, kidole cha mguu kinatoka damu. Akanijia moja kwa moja: "Nimefika, Mwalimu. Niandike."

Nami, ili watu wafurahi, nikasema kwa sauti kubwa: "Mwanangu, mbio hizi ni za jana au za kesho?" Watu wakacheka mpaka wali ukawapalia. Mtoto akaondoka. Asubuhi mama yake alikuja ofisini kwa shauri la cheti cha ubatizo. Hakulalamika. Alipokwisha kupokea cheti alisema tu, "Mwalimu, jana mtoto hakula." Nikamjibu, "Pole, mama," nikajifanya natafuta mhuri.

Naona haya kuwaambieni, lakini ninyi huwacheka wengine pamoja nami kila juma, basi juma hili ni zamu yangu. Mabwana wa Mexico hawakunijua, na goti la Akhwari sikulifunga mimi. Lakini mtoto huyu aliniomba mstari mmoja katika daftari, na kalamu ilikuwa mfukoni mwangu.

Jana nilikwenda kwao mlimani na daftari kwapani. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake na mbele ya kuku wao, ambao hawakuwa na adabu ya kunyamaza. Nikaandika jina lake, wa 31. Mahali pa saa sikuwa na la kuandika, kwa kuwa saa niliifunga mapema, nikaandika: "Alifika." Akasoma mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali, akaniletea kigoda. Mama akaleta uji.

Mwaka ujao meza ya saa haitaondolewa mpaka wa mwisho aingie. Padre amekubali, na pilau itasubiri. Wenye njaa wamlaumu karani. Kwa sasa kwaherini mpaka juma lijalo, nikipata betri.